Laini inajaa saa tatu asubuhi na saa nane usiku: jua kwanza nani anaijaza, kifurushi baadaye

Swali: "Shikamoo kaka. Mi naangalia mtandao wa lodge moja hapa Kirumba, Mwanza. Tuna fiber ya Mbps 20, ruta ni MikroTik, kompyuta za ofisi kama 12, kamera 8 za CCTV na waifai ya wageni. Kila siku mida ya saa tatu asubuhi mtandao unakuwa mzito mpaka mapokezi wanashindwa kutoa risiti. Halafu mtoa huduma kanitumia grafu inaonyesha laini inajaa saa nane usiku, wakati wageni wamelala. Anasema tuongeze twende Mbps 40. Bosi yuko Dar anataka maelezo kabla hajalipa. Naanzia wapi kutafuta chanzo?"

Marahaba mdogo wangu. Afadhali umeuliza mapema, maana kuongeza kifurushi bila kujua nani anajaza laini kunaumiza sana biashara ndogo hapa mjini, unalipa zaidi kila mwezi na baada ya muda laini imejaa tena vilevile, kwa sababu kilichokuwa kinakula Mbps 20 hakikuwa na kikomo, na ukikipa 40 kitakula 40. Sikatai, inawezekana mwishoni ikaonekana kweli mnahitaji kasi zaidi, ila hilo liwe jibu la mwisho baada ya kupima.

Nikisoma ulichoandika naona una matatizo mawili, la asubuhi na la usiku, na nakuomba usiyachanganye. Ukienda na wazo kwamba ni kitu kimoja utakipata cha asubuhi, utatangaza ushindi, na cha usiku kitaendelea, na kwa uzoefu wangu hicho cha usiku ndo cha kuogopa zaidi.

Kabla hujafungua programu yoyote andika pembeni vitu viwili tu, upande na saa. Upande maana yake ni aplodi au daunlodi. Watu wengi wakisema laini imejaa wanawaza daunlodi peke yake, wanapima spidi, wanaona daunlodi imeshuka, basi wanahitimisha wageni wanaangalia video. Kumbe aplodi ikijaa inaua na daunlodi pia. Unapodaunlodi kitu kompyuta yako inarudisha muda wote vipakiti vidogo vya kuthibitisha kwamba imepokea, na seva ya upande wa pili inatuma zaidi kulingana na hivyo vipakiti. Sasa aplodi ikiwa imezibwa na kamera au bakapu, vile vipakiti vidogo vinakaa kwenye foleni ya ruta kama ambulansi iliyokwama nyuma ya malori ikisubiri pantoni ya Kamanga, na seva ikiona uthibitisho hauji inapunguza mwendo. Ndo maana unaweza ukakuta grafu ya daunlodi iko chini kabisa, Mbps 4 au 5, na bado mapokezi wanalia. Kwa hiyo asubuhi ile risiti zikigoma usipime spidi, fungua Winbox (programu ya kusimamia MikroTik), nenda Interfaces, angalia poti ya WAN, yaani ile inayokwenda kwa mtoa huduma, Tx (inayotoka) ni ngapi na Rx (inayoingia) ni ngapi. Tx ya WAN ni aplodi yenu, Rx ni daunlodi yenu.

Hapo kwenye upande kuna mtego na wewe tayari uko karibu nao. Grafu uliyotumiwa ni ya mtoa huduma, imechorwa kutoka kwenye kifaa chake, kwa hiyo kinachoitwa "out" pale mara nyingi ni data inayotoka kwake kuja kwenu, yaani daunlodi yenu. Mpigie umuulize waziwazi, ule mstari uliojaa saa nane usiku unaelekea kwangu au unatoka kwangu? Usikisie, maana kila kitu kinachofuata kinategemea hilo jibu.

Saa nayo ina mambo yake. Ruta nyingi ndogo za MikroTik hazina betri ya kutunza saa, umeme ukikatika zikiwaka zinakuwa na tarehe ya uongo mpaka zipate saa kutoka mtandaoni. Washa NTP Client, weka kanda ya saa Africa/Dar_es_Salaam, kisha linganisha na simu yako. Na mlinzi akikwambia "ilikuwa saa nane usiku" wewe kwenye daftari andika 02:00, akisema saa tatu asubuhi andika 09:00, kwa sababu ruta, DVR (kinasa cha kamera) na Windows vyote vinaandika hivyo, na nimeona watu wawili wazima wakibishana juu ya tukio moja kumbe mmoja anasoma 08:00 kwenye logi na mwenzake anazungumzia saa nane. Hakikisha pia saa ya DVR iko sawa, hizo mara nyingi ziko kanda ya nchi nyingine kabisa.

Kitu kingine, hakikisha huo mwiba, yaani grafu kupanda ghafla, ni wa kweli. Grafu nyingi zinachora wastani wa dakika 5. Laini ya Mbps 20 ikijaa kwa sekunde 10 tu halafu ikatulia, wastani wa dakika 5 unatoka kama Mbps 0.7, yaani grafu itakuonyesha amani kabisa wakati risiti imegoma kweli. Na kinyume chake kipo. Programu ya grafu inayosoma kaunta za zamani za biti 32 itachanganyikiwa, kwa sababu hizo kaunta zikifika GB 4.29 zinaanza tena sifuri, na ruta ikizimwa ikawashwa nazo zinaanza sifuri, basi programu isiyo na akili inachora mlima mkubwa ambao haukuwepo. Ukiona grafu ya laini ya Mbps 20 inadai Mbps 900, hiyo ni kaunta, achana nayo, ibadilishie hiyo programu isome kaunta za biti 64 na endelea na kazi.

Haya, sasa kipimo ambacho mi nakiamini kuliko vyote, na hakihitaji kununua kitu. Wakati mwiba upo, soma WAN na bridge ya LAN (upande wa mtandao wenu wa ndani) kwa pamoja, dirisha moja, sekunde ileile. Daunlodi ya kawaida inaingia kwa WAN kama Rx na inatoka kwa bridge kama Tx, namba zinakaribiana. Aplodi ya kawaida inaingia kwa bridge kama Rx na inatoka kwa WAN kama Tx, nazo zinakaribiana. Zikikaribiana, mlaji ni kifaa kilichomo ndani ya lodge na utamkamata. Zisipokaribiana, kuna jambo kwenye ruta yenyewe au kuna kitu kinatoka nje kuja kuwapiga. WAN inatoa Mbps 18 na bridge inapokea Mbps 1? Ruta yenyewe ndo inatuma. WAN inapokea Mbps 20 na bridge inatoa 2? Kuna data inamwagwa kwenye anwani yenu na inaishia mlangoni, na hiyo huwezi kuizuia kwa faiwoli yako, kwa sababu ikifika kwenye ruta tayari imeshapita kwenye laini na imeshaijaza, wa kuizuia ni mtoa huduma upande wake, mpigie.

Tuanze na la usiku. Tuseme umeuliza na ni aplodi, na umekesha siku moja au umeacha kompyuta ikirekodi, na umeona WAN inatuma wakati bridge imetulia. Fungua Tools, Torch (inaonyesha nani anatuma nini sekunde hiyo), chagua poti ya WAN, weka tiki kwenye anwani za pande zote mbili, protokali na poti, panga kwa Tx. Ukiona UDP poti 53, ambayo ni ya DNS, inakwenda kwa anwani za ajabuajabu huko duniani ambazo hamna mtu wenu anazijua, ruta yako imegeuzwa kipaza sauti cha mashambulizi. Iko hivi, MikroTik ina DNS ya ndani, yaani huduma ya kugeuza jina la tovuti kuwa anwani, na ili kompyuta za ofisini ziitumie mtu anaweka tiki kwenye Allow Remote Requests. Hiyo tiki haichagui, inajibu yeyote anayeuliza, awe mapokezi awe mtu wa bara lingine. Mshambuliaji anatuma swali dogo akijifanya anwani ya mtu anayetaka kumuumiza, ruta yako inarudisha jibu kubwa kwa huyo mtu. Kwa DNS jibu linaweza kuwa kubwa mara 28 mpaka 54 ya swali, hizo ni hesabu zilizotangazwa na kitengo cha usalama wa mitandao cha Marekani mwaka 2014, kwa hiyo swali la Mbps moja tu linatosha kabisa kuziba aplodi yenu yote.

Kwa nini hili linatokea sana kwetu? Kwa sababu fundi akija kufunga MikroTik mpya kitu cha kwanza anabonyeza Remove Configuration, anaanza upya, anaweka anwani, anaweka NAT (vifaa vyote vitoke nje kwa anwani moja), intaneti inatoka, analipwa, anaondoka. Lakini ile faiwoli ya kiwandani ambayo ilikuwa inakataa watu kutoka nje imefutwa pamoja na hayo mengine. Kwa hiyo nenda IP, Firewall, angalia kama kuna sheria yoyote kwenye chain ya input, yaani ya data inayoelekea kwenye ruta yenyewe. Kama pako tupu, umeshapata kazi ya kufanya leo, hata kama sio chanzo cha huu mwiba.

Kupima ni rahisi. Chukua kompyuta, iunganishe na data ya simu yako, sio waifai ya lodge, halafu andika nslookup google.com ikifuatiwa na anwani ya umma ya lodge. Ikijibiwa, mlango uko wazi. Dawa sio kutoa ile tiki, ukiitoa wageni watakosa intaneti kama ruta ndo DNS yao, dawa ni sheria kwenye input inayodondosha UDP 53 na TCP 53 zinazoingia kwa poti ya WAN. Kama mnaingia kwa PPPoE (kwa jina na paswedi ya mtoa huduma) basi WAN yako ni ile pppoe-out, sio ether1, hapo wengi wanaweka sheria kwenye ether1 halafu wanashangaa haishiki hata pakiti moja. Ukishaweka maswali yataendelea kubisha hodi kwa muda, usiogope, ni madogo, cha muhimu majibu hayatoki tena. Na kama anwani ya WAN inaanzia 100.64 mpaka 100.127, au ni ya 10. au 192.168., basi hamna anwani ya umma yenu wenyewe, mko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, na kwa kawaida mtu wa nje hawezi kuanzisha mazungumzo na ruta yenu, kwa hiyo hili la DNS litoe kwenye orodha.

Kama sio poti 53 na bado ruta inatuma yenyewe, hapo nakuomba uwe makini kweli. Mwaka 2018 kulitokea tundu kwenye Winbox, linajulikana kama CVE-2018-14847, mtu wa nje aliweza kusoma paswedi za ruta kupitia poti 8291. MikroTik walilifunga mwezi wa nne mwaka huohuo kwenye toleo 6.42.1, lakini ruta ambazo hazikuapdetiwa zilichukuliwa kwa wingi sana, na hata zile zilizoapdetiwa bila kubadilisha paswedi ziliendelea kuingiliwa, na mwaka 2021 jeshi la vifaa vilivyotekwa lililoitwa Mēris lilikuwa limejaa MikroTik. Angalia System, Scheduler, na Scripts, kuna kitu hukukiweka wewe? Angalia IP, Socks, imewashwa? Web Proxy je? Kuna mtumiaji usiyemjua kwenye Users? Kuna l2tp-client (njia ya VPN) inayokwenda mahali usipopajua? Ukikuta hata kimoja usikifute ukaenda kulala. Andika mipangilio yako pembeni kwa mkono, isafishe ruta kwa Netinstall (programu ya MikroTik ya kufuta na kusakinisha upya), weka toleo jipya, paswedi mpya, halafu funga Winbox isifikike kutoka nje. Usirudishe faili la bakapu la zamani, utarudisha na mvamizi wako.

Sasa kama usiku WAN na bridge zinakaribiana, mtumaji yuko ndani. Endesha Torch kwenye bridge, maana ukiiendesha kwenye WAN vifaa vyote vinaonekana kwa anwani moja baada ya NAT na hutajua ni nani. Na kumbuka kwenye bridge mambo yanageuka, Tx ndo daunlodi ya kifaa, Rx ndo aplodi yake, kwa hiyo kwa la usiku panga kwa Rx. Utaona anwani kama 192.168.88.37 inatuma Mbps 15. Nenda IP, DHCP Server, Leases, utapata jina na MAC yake, yaani namba ya utambulisho wa kifaa. Kwa saa nane usiku washukiwa wangu ni watatu: kompyuta ya mhasibu iliyopangiwa bakapu ya wingu usiku, simu ya mtu wa zamu ambayo Google Photos inapandisha video za wiki nzima kila ikiona waifai na chaji, na DVR. Simu zina usumbufu wake, tangu Android 10 na iOS 14 zinajibadilishia MAC kwa kila waifai, kwa hiyo usitegemee MAC ya kwenye boksi ifanane na ya kwenye ruta, angalia jina la kifaa au muulize mwenyewe kwa upole.

DVR naiweka kwenye foleni ya peke yake. Kama inafikika kutoka nje kwa poti iliyofunguliwa, na paswedi ni ileile ya kiwandani, hiyo sio yenu tena. Mirai, programu haribifu ya 2016, iliingia kwenye kamera na DVR kwa kujaribu majina na paswedi za kiwandani zaidi ya 60 tu, hakuna ufundi wowote mkubwa, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilishiriki kuiangusha Dyn, kampuni ya DNS ya Marekani, Twitter na Netflix zikayumba. Ukiona DVR inatuma kwa anwani nyingi tofauti usiku, au inagonga poti 23 za watu, ichomoe kwenye intaneti palepale, ibaki inarekodi kwenye diski yake, halafu apdeti, badilisha paswedi, na zima UPnP kwenye ruta isijifungulie milango yenyewe.

La asubuhi sasa. Umesema mwenyewe bosi yuko Dar. Nina swali moja kwako, bosi anafungua saa ngapi ile app ya kamera? Kamera moja ya 1080p kwa H.264 inakula kama Mbps 2 mpaka 4. Akifungua zote 8 kwa mstari mkuu, yaani picha ya ubora wa juu, hata kwa Mbps 2 kila moja ni 16, na akiziacha zimefunguliwa mezani huku anakunywa chai ndo aplodi yenu imekwisha hivyo. Simsemi vibaya, ni haki yake kuangalia biashara yake, na app haimwambii kwamba kila boksi pale kwenye skrini linavuta kutoka Kirumba. Kwenye DVR kuna mstari mdogo wa pili kwa kila kamera, wengine wanaita sub stream, uweke kwenye kbps 256 au 512, halafu kwenye app achague huo anapoangalia nane kwa pamoja, na akitaka kuona uso wa mtu afungue kamera moja kwa ubora wa juu. Ukimweleza kwa namba hivyo atakuelewa. Na kupima hili ni dakika moja: siku risiti zikigoma mpigie, muombe afunge app, wewe ukiwa umeangalia Tx ya WAN. Ikianguka hapohapo umemaliza.

Isipoanguka, au ukikuta ni daunlodi, angalia siku. Microsoft wanatoa apdeti kubwa za Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi saa 4 asubuhi ya Seattle, ambayo kwetu ni saa 2 au saa 3 usiku kutegemea wao wako majira gani. Ofisi zimefungwa, kompyuta zimezimwa. Kwa hiyo kwetu dhoruba inakuja Jumatano asubuhi, mashine 12 zinawashwa pamoja na kila moja inavuta ya kwake. Chukulia apdeti ni MB 700, mara 12 ni GB 8.4, na Mbps 20 ni MB 2.5 kwa sekunde, hiyo ni karibu saa nzima laini imejaa bila mtu kufanya kosa lolote. Kama malalamiko ya mapokezi ni makali zaidi Jumatano hiyo, umeshajua. Ingia kwenye mipangilio ya Windows Update, Delivery Optimization, ruhusu kompyuta zichukue apdeti kutoka kwa zenzake za mtandao wa ndani tu, moja ikishapata nyingine zinachukua kwake kwa waya wa ndani, na weka kikomo cha spidi wakati wa kazi. Ile ya kugawa kwa kompyuta za nje kwenye intaneti iwe imezimwa, maana hiyo nayo inakula aplodi.

Na hata siku za kawaida saa tatu kuna mzigo wake, OneDrive na Google Drive zinalinganisha mafaili, barua pepe zenye viambatanisho zinashuka, antivirusi inachukua orodha mpya, simu za wafanyakazi zinaingia waifai kwa mara ya kwanza leo. Umeme ukikatika ukarudi ni hivyohivyo, kila kitu kinaamka sekunde moja, kwa hiyo andika kwenye daftari umeme ulirudi saa ngapi, utashangaa miiba mingapi inaelezeka kwa hilo peke yake. Ukitaka kujua ni programu gani ndani ya kompyuta fulani, andika resmon kwenye Windows, kichupo cha Network, inakutajia kwa jina. Kwa Linux kuna nethogs.

Kuna vitu viwili vinavyotisha bure. Cha kwanza, utaona UDP poti 443 nyingi sana kwenye Torch na utafikiri ni shambulizi. Hiyo ni QUIC, ndo njia YouTube na Google wanayotumia siku hizi, ni matumizi ya kawaida. Cha pili, usiku wa mechi ya Simba na Yanga wageni wakistrimu, video moja ya ubora wa 1080p inakula kama Mbps 5, wanne tu wamejaza laini. Hakuna cha kutafuta hapo, ni wateja wanatumia walicholipia, dawa ni kugawa kwa haki.

Na kuna kimoja ambacho hakionekani kwenye grafu ya mtoa huduma kabisa, kitanzi. Mtu anafagia chini ya meza, anakuta waya unaning'inia, anauchomeka kwenye swichi kwa nia njema, kumbe ncha ya pili iko kwenye swichi hiyohiyo. Pakiti za matangazo zinazunguka bila mwisho, taa zote za swichi zinawaka na kuzima pamoja kwa kasi, hata printa ya chumba cha pili haipatikani, lakini WAN imetulia. Chomoa nyaya zinazounganisha swichi na swichi, moja baada ya nyingine, mpaka taa zitulie, kitanzi kiko upande uliochomoa.

Kwa kuwa hutakesha kila siku, weka kitu kinachorekodi. Cha haraka ni Tools, Graphing, unaongeza WAN na bridge, inatunza siku, wiki na mwezi. Kizuri zaidi ni Traffic Flow ikituma kwenye kompyuta yoyote ya zamani yenye Linux na nfdump (programu ya kusoma rekodi hizo), asubuhi unauliza tu kati ya 01:50 na 02:30 nani alituma kingi zaidi na kwenda wapi. Lakini kabla hujaweka kikomo chochote zima kwanza ile sheria ya fasttrack (njia ya mkato ya pakiti) kwenye firewall filter, kwa sababu data inayopita fasttrack haishikwi na simple queue, yaani foleni ya kuweka kikomo, hapa ndo mafundi wengi wanasema "nimeweka kikomo hakifanyi kazi" wakati kikomo kiko sawa, pakiti zinapita pembeni yake. Angalia tu prosesa ya ruta isielemewe, kwa Mbps 20 haitakuwa shida.

Ukirekodi, rekodi anwani, poti na wingi, basi. Usianze kunasa pakiti za wageni ukafungua yaliyomo, huhitaji kujua wanaangalia nini ili kujua nani kajaza laini, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, wageni wenu wanalindwa nayo.

Chanzo kikishajulikana ndo unaweka mipaka. Waifai ya wageni ipite kwenye PCQ ili kila kifaa kipate sehemu sawa, kompyuta ya risiti iwe na kipaumbele, bakapu ihamie saa nane usiku kwa makusudi na iwekewe kikomo. Kama ruta iko kwenye RouterOS 7 (mfumo wa MikroTik) weka CAKE, mpangaji wa foleni, kwenye WAN, kwa kasi iliyo chini kidogo ya mnayolipia, tuseme Mbps 18 kwa 20, foleni ikae kwako unapoitawala badala ya kukaa kwa mtoa huduma. Hilo peke yake litafanya risiti zitoke hata bosi akiwa amefungua kamera.

Baada ya hapo angalia grafu ya wiki nzima. Kama mchana wa kawaida, bila DVR, bila apdeti, bila mvamizi wa usiku, bado mko juu ya Mbps 16 au 17 kwa masaa mfululizo, muandikie bosi alipe hiyo 40 kwa amani. Leo anza na mawili tu, simu kwa mtoa huduma kuuliza upande wa ule mstari wa saa nane usiku, na ile nslookup kwa data ya simu. Nitumie majibu pamoja na picha ya Torch, ila futa anwani ya umma kabla hujatuma.